Kura bila karatasi: mashine ikikosea, kinahesabiwa nini?

Mjadala wa mashine za kupigia kura kwa kawaida huanza na swali: je, zinaweza kudukuliwa? Ni swali halali na nitalifikia. Lakini lipo jingine linalolitangulia: mashine ikikosea, iwe kwa hitilafu au kwa hila, ni kitu gani kimebaki nje yake ambacho mtu anaweza kukishika mkononi na kukihesabu? Jibu likiwa "hakuna", matokeo hayo hayathibitishiki hata pale yanapokuwa sahihi, na mshindi wa haki anakosa namna ya kuonyesha kwamba ameshinda kwa haki.

Ninazozizungumzia ni zile mashine ambazo mpiga kura anagusa skrini au kubonyeza kitufe, kura ikaandikwa moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya kielektroniki, basi. Hakuna karatasi inayotumbukizwa sandukuni. Marekani ilizinunua kwa wingi baada ya sheria ya mwaka 2002 iliyotokana na sokomoko la Florida la mwaka 2000, ambako urais uliamuliwa kwa tofauti ya kura 537 na kadi zilizotobolewa nusunusu. Serikali kuu ikatoa fedha, majimbo yakakimbilia skrini. Mwaka huohuo wa 2002 Georgia ikawa jimbo la kwanza kuzitumia kila mahali. Wakati ule karatasi ndiyo iliyoonekana kuwa tatizo.

Miaka miwili baadaye kaunti ya Carteret, North Carolina, ikaonyesha tatizo liko wapi hasa. Novemba 2004, waliopiga kura mapema walitumia mashine ya UniLect ambayo maofisa waliamini inabeba kura 10,500. Kwa namna ilivyowekwa, ilibeba 3,005. Ilipojaa haikuzimika wala haikukataa watu. Iliendelea kupokea wapiga kura, na kila mmoja alitoka akiamini ameshapiga. Kura zaidi ya 4,400 hazikuandikwa popote. Kinyang'anyiro cha kamishna wa kilimo wa jimbo zima kilikuwa na tofauti ya kura 2,287, yaani zilizopotea zilikuwa karibu mara mbili ya tofauti hiyo. Hakuna fundi ambaye angeweza kuzifufua, maana hazikuwahi kuingia. Mvutano ulikwisha Februari 2005 mgombea aliyekuwa nyuma alipokubali kushindwa, na mwaka huo jimbo likatunga sheria ya kulazimisha karatasi.

Sasa tazama kaunti ya Northampton, Pennsylvania, Novemba 2019. Mashine mpya za skrini zilimpa mgombea wa ujaji, Abe Kassis, kura 164 katika uchaguzi uliokuwa na wapiga kura wapatao 55,000. Vituo vingine vilimpa sifuri. Mashine ziliandaliwa vibaya kabla ya siku ya kura. Ila hizi zilichapisha karatasi kwa kila mpiga kura, hivyo usiku uleule maofisa walizitoa karatasi na kuzihesabu kwa skana. Kassis alikuwa na kura zaidi ya 26,000, naye ndiye aliyeshinda.

Kinachonisumbua kuhusu Northampton si ile 164. Namba ya ajabu kiasi hicho inajipigia kelele yenyewe. Kama kosa lingemnyima asilimia tatu tu, nani angelishtukia? Ndiyo maana karatasi peke yake haitoshi, na nitarudi kwenye hilo.

Safari ya kura ndani ya mashine

Wiki kadhaa kabla ya uchaguzi, ofisi huandaa faili la kura kwenye kompyuta ya usimamizi: majina ya wagombea, mpangilio wao, kata ipi inaona kinyang'anyiro kipi, na sehemu ipi ya skrini ni ya nani. Faili hunakiliwa kwenye kadi za memori, kadi zikaingizwa kwenye mashine. Asubuhi ya uchaguzi msimamizi wa kituo huchapisha risiti ya sifuri kuonyesha kwamba hamna kura ndani. Jioni mashine hufungwa, huchapisha jumla, na kadi hurudishwa makao makuu kusomwa na mfumo uleule wa usimamizi. Zingatia hapo: mfumo mmoja unagusa mashine zote mara mbili, mwanzo na mwisho. Kosa likiingia pale linasambazwa na magari ya tume yenyewe, likisindikizwa na polisi.

Makosa ya kawaida hayahitaji adui. Skrini za zamani za kugusa hutambua mgandamizo wa tabaka mbili. Joto, mtikisiko wa safari na uzee huhamisha kipimo, ukagusa jina la tatu alama ikaangukia la nne. Wengi wanaolalamika kwamba mashine imebadilisha kura yao wamekutana na hili. Dawa yake ni kusawazisha skrini: fundi anagusa alama za msalaba zinazojitokeza pembeni na katikati, mashine ikajifunza upya mahali pa kila kitu. Kazi hiyo ifanyike baada ya mashine kufika kituoni. Ukisawazisha bohari kisha ukaisafirisha kilomita 80 za barabara ya vumbi, umefanya kazi bure.

Watengenezaji wakibanwa husema kura huhifadhiwa nakala zaidi ya moja. Ni kweli; iVotronic ya kampuni ya ES&S iliandika kwenye chipu tatu. Hilo linakinga dhidi ya chipu kufa. Halikingi dhidi ya programu kuandika kitu tofauti na alichochagua mpiga kura, kwa kuwa nakala zote tatu zimeandikwa na programu moja. Vivyo hivyo "kuhesabu upya" kwenye mashine hizi ni kuchapisha tena kilichomo kwenye kumbukumbu. Ni sawa na kubishana na mwenye duka kuhusu deni lako, naye akalifungua daftari lake na kukusomea jumla ileile kwa sauti kubwa zaidi.

Kaunti ya Sarasota, Florida, ilipitia hayo Novemba 2006. Kiti cha Bunge cha wilaya ya 13 kiliamuliwa kwa kura 369. Lakini watu wapatao 18,000 waliotumia mashine walirekodiwa kuwa hawakumchagua yeyote katika kinyang'anyiro hicho, karibu 15% yao. Miongoni mwa waliopiga kwa karatasi za posta wa kaunti hiyohiyo, walioacha wazi walikuwa kama 2.5%. Je, skrini iliwachanganya? Kinyang'anyiro hicho kiliwekwa juu ya ukurasa, na chini yake kile cha ugavana kikatawala macho. Au programu ilidondosha kura? Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilizipima mashine baadaye na haikuona ushahidi wa hitilafu. Binafsi naona maelezo ya mpangilio wa skrini yana uzito. Lakini hakuna aliyeweza kufungua sanduku na kuangalia watu 18,000 walitaka nini, na jambo hilo litabaki hivyo daima. Siku hiyohiyo wapiga kura wa Sarasota walipitisha hoja ya kudai karatasi, na mwaka 2007 Florida nzima ikafuata.

Kuna na hitilafu ambazo hata mtengenezaji hana la kufanya. Mei 2003, Schaerbeek nchini Ubelgiji, mgombea mmoja aliongezewa kura 4,096. Ilishtukiwa kwa sababu kura zake binafsi zilizidi kiwango kilichowezekana kwa orodha ya chama chake. Namba 4,096 ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 12, ambayo ndiyo alama ya biti moja kugeuka kutoka sifuri kuwa moja ndani ya memori. Maelezo yanayotajwa zaidi ni chembe ya mionzi kutoka angani iliyoipiga chipu. Mfumo ule ulikuwa na kadi za sumaku, moja kwa kila mpiga kura, hivyo zikasomwa upya na hesabu ikarekebishwa. Biti ya chini zaidi ingegeuka, ile inayoongeza kura 8 au 16, hakuna ambaye angejua.

Kuhusu hila

Mwaka 2003 watafiti wa Johns Hopkins na Rice walichambua msimbo wa mashine ya Diebold AccuVote-TS, uliokuwa umeachwa wazi kwenye seva ya intaneti. Ufunguo wa usimbaji ulikuwa umeandikwa ndani ya programu yenyewe, mmoja kwa mashine zote: ukiujua wa moja, umeujua wa nchi nzima. Mwaka 2006 wenzao wa Princeton, Ariel Feldman, Alex Halderman na Ed Felten, walionyesha kwamba mtu akiishika mashine ile kwa dakika moja anaweza kuweka programu inayohamisha kura, ikahama kutoka mashine hadi mashine kwa kadi za memori, kisha ikajifuta. Kufuli la mlango wa kadi lilifunguka kwa ufunguo wa kawaida unaotumika kwenye samani za ofisi na friji ndogo za hotelini.

Virginia ilikuwa na mbaya zaidi. WINvote ilikuwa na mtandao usiotumia waya wenye usimbaji wa WEP ambao ulikuwa umeshavunjwa miaka mingi, nywila yake ikiwa "abcde", na mfumo wa Windows ambao haukuwa umepata marekebisho ya usalama tangu 2004. Mtu aliyekaa kwenye gari nje ya shule angeweza kuingia. Jimbo liliipiga marufuku Aprili 2015, baada ya kuitumia zaidi ya miaka kumi. Je, kuna aliyewahi kuingia katika miaka hiyo? Mashine haikuacha kumbukumbu ambazo zingeweza kujibu.

Uholanzi ilitumia mashine za Nedap kwa karibu kila mpiga kura. Oktoba 2006 kikundi cha raia kilichoongozwa na Rop Gonggrijp kilionyesha kwenye televisheni jinsi ya kubadilisha chipu mbili za programu kwa dakika chache, na ili kumaliza ubishi kwamba kifaa kile "si kompyuta", wakakifanya kicheze sataranji. Kisha wakasikiliza mawimbi yake ya redio. Jina la chama cha Christen-Democratisch Appèl lina herufi yenye alama juu yake, na kuionyesha herufi hiyo kulibadilisha mawimbi ya skrini kwa namna ambayo kipokezi cha jirani kingetambua nani amekichagua. Siri ya kura iliponyokea hapo. Mwaka 2008 serikali ikarudi kwenye karatasi na penseli nyekundu.

Ujerumani ilikuwa na mashine za ukoo huohuo katika uchaguzi wa Bunge wa 2005. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ilitoa hukumu ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyo wazi kuliko zote kuhusu suala hili: hatua za msingi za uchaguzi na za kujua matokeo lazima raia aweze kuzikagua bila kuwa na utaalamu wa pekee. Mahakama haikudai kuonyeshwa wizi. Ilitosha kwamba mtu wa kawaida hawezi kuona.

Vipimo vinavyofanyika, na yale visiyoyafikia

Kipimo cha kawaida ni kupiga kura za majaribio kabla ya uchaguzi na kulinganisha jumla. Hunasa faili la kura lililokosewa, mradi kila mgombea apewe idadi tofauti ya kura. Ukimpa kila mmoja kura tano, majina mawili yakibadilishana mahali hutajua. Kipimo kipite pia kikomo cha kumbukumbu. Kama mashine inatarajiwa kupokea watu 1,500, moja angalau ipigiwe zote 1,500. Kipimo hicho ndicho kingenasa kosa la Carteret.

Kisichonaswa ni programu inayojua kwamba inapimwa. Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba magari yapatayo milioni 11 yalikuwa na programu iliyotambua kipimo cha moshi na kubadilisha mwenendo. Mashine ya kura ina dalili nyingi zaidi za kuitambua siku ya kweli: tarehe, saa, kasi ya wapiga kura, idadi yao.

Brazil ndiyo inayotetewa zaidi, na kwa haki. Mashine zake za namba, zilizoanza 1996 na kuenea nchi nzima 2000, hazitoi karatasi ya mpiga kura, lakini kila kituo hubandika mlangoni risiti ya matokeo yenye msimbo wa QR. Yeyote anaweza kukusanya risiti hizo na kujumlisha mwenyewe, hivyo wizi kwenye majumuisho ni mgumu mno. Kisha kuna kipimo cha uadilifu: mashine huchaguliwa kwa kura ya bahati mkesha wa uchaguzi, hupelekwa mahali penye kamera, zikapigiwa kura zinazojulikana siku yenyewe kwa saa zilezile za kweli. Ni kipimo kizuri kuliko vyote nilivyovisoma vya mashine zisizo na karatasi, na mwaka 2022 waliongeza majaribio yanayotumia alama za vidole za wapiga kura halisi ili mashine isiweze kutofautisha.

Hata hivyo risiti ya mlangoni inalinda njia kutoka kwenye mashine hadi jumla ya taifa. Haisemi lolote kuhusu njia kutoka kwenye kidole hadi kwenye kumbukumbu. Mwaka 2012 timu ya mtafiti Diego Aranha, ikipewa fursa na mahakama ya uchaguzi yenyewe, iligundua kwamba uchanganyaji wa mpangilio wa kura ulitegemea saa ya kuwashwa, ambayo ilichapishwa kwenye risiti ya sifuri. Mwenye risiti angeweza kuzipanga kura kwa mfuatano wa wapiga kura. Kosa lilirekebishwa, lakini lilikuwamo. Agosti 2021 pendekezo la kuongeza karatasi lilipata kura 229 bungeni badala ya 308 zilizohitajika. Kwa bahati mbaya lilisukumwa na watu waliokuwa wakieneza madai ya wizi bila ushahidi, na hoja njema ya kiufundi ikazikwa pamoja na madai hayo.

Namibia, India, Kongo

Novemba 2014 Namibia ilikuwa ya kwanza barani Afrika kupiga kura ya taifa kwa mashine, zilizotoka India. Sheria yao ya uchaguzi ya mwaka huo ilidai karatasi ya kuthibitisha. Waziri akakianzisha kifungu cha mashine na kuviacha nje vijifungu vinavyodai karatasi. Kabla ya uchaguzi wa 2019 ikabainika kwamba mashine kadhaa zilizoazimwa zilikuwa zimepotea. Panduleni Itula, mgombea binafsi wa urais aliyeshindwa, alikwenda mahakamani, na Februari 2020 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kukigawa kifungu namna ile kulikiuka katiba, ingawa ilikataa kuyafuta matokeo. Uchaguzi wa mikoa na mitaa wa Novemba 2020 ulifanyika kwa karatasi. Soma vizuri kilichotokea: bunge liliweka kinga, na mtendaji akaiondoa kwa saini moja kwa sababu kifaa kilichonunuliwa hakikuwa nayo.

India kwenyewe karatasi ilikuja kwa amri ya Mahakama ya Juu ya nchi, Oktoba 2013. Sasa kila mashine ina kichapishi chenye kidirisha. Ukibonyeza, kijikaratasi chenye jina na alama ya mgombea kinaonekana kwa sekunde 7, kisha kinadondoka kwenye kisanduku kilichofungwa. Kikitofautiana na mashine, sheria inasema karatasi ndiyo inayoshinda. Vizuri. Lakini tangu 2019 vinavyohesabiwa ni vya vituo vitano tu katika kila jimbo la bunge la mkoa. Fanya hesabu. Jimbo lenye vituo 200, mashine 2 zikiwa mbovu: uwezekano wa angalau moja kuangukia kwenye vitano hivyo ni kama 5%. Zikiwa mbovu 20, ni 41%. Aprili 2024 mahakama ilikataa ombi la kuhesabu vyote, ikaruhusu mshindi wa pili na wa tatu kuomba 5% ya mashine zikaguliwe chipu. Kukagua chipu si kuhesabu kura.

Kwa wasomaji wa Goma, Bukavu na Lubumbashi, mashine ya Miru Systems mnaijua. Ile ya 2018, iliyopelekwa zaidi ya 100,000 nchini, kimsingi ni kichapishi: unagusa picha, inachapisha karatasi yako, unaikunja na kuitia sandukuni, na hesabu rasmi ni ya mkono. Kwa muundo ni bora kuliko ya Namibia, ijapokuwa wapinzani waliiita mashine ya wizi. Lililokosekana lilikuwa jingine. CENI, tume ya uchaguzi ya Kongo, haikuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo. Waangalizi wapatao 40,000 wa maaskofu walikuwa na takwimu zao, data za ndani zikavuja na gazeti la Financial Times likazichambua Januari 2019 na kuona zinampa ushindi Martin Fayulu, Mahakama ya Katiba ikamthibitisha Félix Tshisekedi, na masanduku yenye jibu hayakufunguliwa. Karatasi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuihesabu haina tofauti kubwa na karatasi isiyokuwapo.

Kenya iko upande mwingine kabisa. Mfumo wake wa kielektroniki, KIEMS, hutambua wapiga kura na kutuma picha ya fomu ya matokeo. Kura yenyewe ni karatasi na huhesabiwa kituoni mbele ya mawakala. Ndiyo maana mwaka 2022 fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 ziliweza kuwekwa wazi kwa kila mtu, na Mahakama ya Juu ikaweza kuagiza masanduku ya vituo 15, baadhi yake Mvita na Jomvu, yafunguliwe na kuhesabiwa. Ukisikia mtu anasema Kenya nayo hutumia mashine, mwulize mashine ya kufanya nini.

Jinsi ya kuikagua karatasi

Njia bora iliyopo ni ukaguzi wa sampuli ambao ukubwa wake unategemea tofauti ya kura. Colorado ilikuwa ya kwanza kuufanya jimbo zima, Novemba 2017. Kwanza huandikwa orodha ya masanduku na idadi ya karatasi katika kila moja, nayo itoke kwenye hesabu ya mkono na si kwenye mashine inayokaguliwa. Pili, matokeo hutangazwa na kufungwa kabla sampuli haijajulikana. Tatu, watu hurusha dadu zenye pande kumi hadharani, tarakimu 20 zikapatikana, na hizo ndizo zinazoamua karatasi zipi zitolewe. Nne, karatasi husomwa na macho ya watu wa vyama tofauti.

Pale ambapo kila karatasi inaweza kulinganishwa na rekodi yake kwenye mashine, kanuni ya haraka kwa hatari ya 5%, yaani uwezekano wa matokeo yasiyo sahihi kupita bila kunaswa, ni 6.6 gawanya kwa tofauti ya kura. Tofauti ya 10% inataka karatasi kama 66, ya 5% kama 130, ya 1% kama 660, mradi hakuna makosa yanayoonekana. Yakionekana, sampuli inakua. Kama rekodi moja moja hazipo na unasoma karatasi tu, tofauti ya 10% inataka kama 600, ya 5% kama 2,400, na ya 1% hufika makumi ya maelfu, ambapo ni afadhali kuhesabu zote. Jambo zuri ni kwamba ukubwa wa jimbo hauongezi sana kazi. Kinachoongeza kazi ni ushindi mwembamba.

Ukaguzi hunasa na uzembe wa watu pia. Georgia ilipozihesabu kwa mkono karatasi karibu milioni 5 za urais mwaka 2020, kaunti ya Floyd ilikuta karatasi zipatazo 2,600 ambazo hazikuwahi kupitishwa kwenye skana.

Karatasi nayo ina magonjwa yake. Cuyahoga, Ohio, Mei 2006, wakaguzi walikuta karibu 10% ya kumbukumbu za karatasi za mashine zimechanika, ziko tupu, hazisomeki au hazipo. Zilikuwa roli za karatasi ya joto, aina ya risiti za dukani, ambayo hufifia ikikaa kwenye joto. Fikiria kontena la chuma Januari pale Tanga. Roli pia huhifadhi mfuatano wa wapiga kura, na hivyo kuhatarisha siri. Katika uchaguzi mdogo wa Kairana, India, Mei 2018, vichapishi vilikufa kwa wingi na kura ikarudiwa vituo 73. Tume ililaumu mwanga na joto kali lililoathiri vitambuzi. Karatasi moja moja, nene, wino wa kawaida, ndiyo inayodumu.

Na mpiga kura lazima aisome. Jaribio la Chuo Kikuu cha Michigan lililochapishwa 2020 lilibadilisha kwa makusudi chaguo moja kwenye karatasi zilizochapishwa: bila kukumbushwa, 6.6% tu ya washiriki walimwambia msimamizi. Msimamizi akisimama baada ya kichapishi na kusema, "Tafadhali soma karatasi yako kabla hujaitia sandukuni," kiwango hupanda. Inasaidia zaidi mtu kuja na majina yake yameandikwa kwenye kikaratasi. Na kama hesabu inasoma msimbo wa QR badala ya maandishi, mpiga kura hajathibitisha kinachohesabiwa, kwa vile hakuna jicho linalosoma QR. Kwa sababu hizi mimi napendelea kalamu na karatasi kwa wanaoweza kuandika, na mashine ya kuchapisha kwa wasioona na wenye ulemavu wa mikono.

Wakala wa chama akipangiwa kituo chenye mashine, aandike namba ya mashine na za lakiri asubuhi, kabla haijawashwa, na tena jioni. Adai nakala ya risiti ya sifuri na ya mwisho. Ahesabu waliotiwa alama kwenye daftari na kulinganisha na idadi iliyoandikwa na mashine. Tofauti ya mmoja au wawili hutokana na watu walioondoka bila kumaliza, ya kumi inahitaji maelezo ya maandishi. Kura za majaribio ziwe zimefutwa mbele yake, kwa kuwa kusahau kuzifuta ni sababu ya mara kwa mara ya karatasi na mashine kutolingana. Aangalie pia walioacha wazi kila kinyang'anyiro. Kura za urais kuwa kamili huku za ubunge zikipungua kwa 15% ni jambo la kuripoti usiku huohuo, wakati mashine bado ina lakiri.

Kwa upande wa tume, maswali ya kuuliza yaje kabla ya zabuni kutangazwa: nani anamiliki msimbo, nani anaruhusiwa kuukagua, karatasi zitatunzwa wapi na kwa muda gani, na ni sheria ipi inayosema karatasi ikitofautiana na mashine ipi inashinda. Iulizwe pia gharama ya mashine zikiwa zimelala. Ireland ilinunua mashine 7,500 za Nedap, mradi ukagharimu zaidi ya euro milioni 50, ukajaribiwa katika majimbo machache mwaka 2002 na haukutumika tena baada ya tume huru kushindwa kuuidhinisha 2004. Mashine zilikaa bohari zikilipiwa pango mwaka hadi mwaka, na 2012 ziliuzwa kama chuma chakavu kwa euro zipatazo 70,000.